Punda wa Jirani Ana Kidonda: Namna ya Kutambua Mateso ya Wanyama Mtaani na Kuyaripoti Yakafanyiwa Kazi

Kesi yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe, tena kwa nia njema kabisa. Ilikuwa Dodoma, wakati wa kiangazi. Punda wawili walikuwa wanavuta mkokoteni wa maji, na mmoja alikuwa na kidonda shingoni kinachotoa usaha, inzi wamejazana. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa pamoja na maneno makali. Kufika saa moja usiku kila mtu alikuwa ameshalaani. Asubuhi afisa mifugo wa kata alipokuja, alikuta kigingi na kipande cha kamba. Punda alikuwa amehamishwa usiku ule ule, amepelekwa kijijini kwa shemeji. Mwenye punda naye alishajua nani kampiga picha, kwa sababu pembeni ya picha ulionekana ukuta wetu.

Hasira haikunisaidia kitu. Afisa mifugo hawezi kuifanyia kazi hasira yako. Anachoweza kukifanyia kazi ni kidonda, saa, mahali na jina la anayemtunza mnyama. Mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania Bara, ambako ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Zanzibar ina wizara na utaratibu wake, maana mifugo si jambo la Muungano. Msomaji wa Kenya atatumia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na huko kuna KSPCA, chama cha kutetea wanyama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Kuangalia na kuandika, hata hivyo, ni kule kule popote ulipo.

HATUA YA 1: ANGALIA MNYAMA KABLA HUJAMWANGALIA MWENYEWE

Watu wengi huanza na mtu: "Yule baba ni katili." Anza na mwili wa mnyama.

Unene kwanza. Tazama mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Ng'ombe ambaye nyonga zake zimechomoza kama vigingi na nyama ya matakoni imebonyea ana njaa ya muda mrefu. Lakini linganisha na wenzake. Mwezi wa kumi, mvua bado, ng'ombe wa kijiji kizima hukonda, na hapo tatizo ni malisho. Ukikuta ng'ombe wa jirani wote wana nafuu na wa nyumba moja tu wako mifupa mitupu, hilo ni jambo jingine. Mbwa jike anayenyonyesha watoto saba naye atakonda hata kama analishwa; angalia kama watoto wanakua.

Halafu ngozi. Vidonda vya ajali huwa popote, ila vidonda vya kazi vina mahali pake: shingoni na mabegani nira inapokaa, mgongoni mzigo unapokandamiza, chini ya mkia kamba inapopita, kwenye vifundo vya miguu anapofungwa. Ukiona mabaka ya nywele nyeupe mgongoni kwa punda wa kijivu, mara nyingi ni makovu: nywele huota nyeupe pale ngozi ilipochubuka sana. Mabaka hayo yanakusimulia miaka iliyopita, na hayatoshi kuwa kosa la leo.

Kwa punda naomba nikae kidogo, kwa sababu lugha yetu yenyewe haijamtendea haki. Tumesema afe punda mzigo wa bwana ufike, tukaongeza kwamba shukrani yake ni mateke. Ukweli ni kwamba punda huficha maumivu kuliko mifugo mingi. Hapigi kelele. Anasimama kimya, kichwa chini, masikio yamelegea, hafukuzi hata inzi, na watu husema "amezoea". Huyo hajazoea, anaumwa.

Tatizo kubwa ninaloliona ni nira ya ng'ombe kuvalishwa punda. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo, anasukuma kwayo. Punda hana nundu. Ukimvika nira ya ng'ombe, mti unasaga mifupa ya shingo, na wiki chache tu zinatosha kutoboa ngozi. Punda anatakiwa avute kwa mkanda mpana wa kifuani, uliowekewa kitambaa au gunia laini. Wenye mikokoteni wengi hawajui hili, na ukilijua wewe una kitu cha kuwapa zaidi ya lawama.

Mzigo nao unapimika bila mizani. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hesabu madumu. Madumu 15 ni kilo 300, bado mkokoteni wenyewe na kijana aliyekaa juu yake. Punda wetu wengi wa kienyeji hawafikii kilo 200. Barabara tambarare yenye lami na matairi yenye upepo ataweza mengi, maana gurudumu linabeba. Kwenye mchanga au mlima hesabu inabadilika. Miguu ikitetemeka, akianguka, au akiwa haondoki mpaka apigwe, mzigo umemzidi, huhitaji hesabu zaidi.

Mbwa wa mlinzi: tazama mnyororo. Ana kivuli saa saba mchana? Bakuli lina maji au lina vumbi? Amelala juu ya kinyesi chake? Chunguza shingo kwa makini, kwa sababu kuna jambo linapita bila kuonekana. Mtoto wa mbwa hufungwa kamba akiwa mdogo, anakua, kamba haikui. Inazama kwenye nyama, manyoya yanaifunika, unachobaki nacho ni harufu mbaya tu. Nimeona kwa macho yangu mara mbili, na mara zote mbili mwenye nyumba alishtuka kweli kweli.

Kuku anayening'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli kutoka mnadani anateseka. Hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kama tulio nao sisi, kwa hiyo matumbo humkandamiza sehemu za kupumulia. Je, ukaripoti kila baiskeli? Kwa maoni yangu, hapana. Utamchosha afisa mifugo hadi siku ya jambo kubwa asipokee simu yako. Zungumza na wachuuzi, waambie habari ya kubebea kuku kwenye tenga. Kuripoti kuwe kwa yale ambayo maneno hayatatosha.

Paka anayemwagiwa maji ya moto, watoto wa mbwa waliotupwa dampo ndani ya kiroba, mnyama anayekatwa au kuchomwa akiwa hai: hapo huna cha kulinganisha na kiangazi. Nenda hatua ya 4 moja kwa moja.

HATUA YA 2: JIULIZE, HAJUI, HANA, AU HAJALI?

Hajui: kama yule wa nira ya ng'ombe. Hana: bibi anayefuga mbuzi watatu, mguu wake umeteguka, hana hela ya kumlipa mtu wala mjukuu wa kukata majani. Hajali: ameelezwa, ana uwezo, anaendelea.

Mateso ya mnyama yanaweza kuwa yale yale kwa wote watatu, ila dawa ni tofauti. Wa kwanza anahitaji maelezo, wa pili msaada, wa tatu sheria. Ukimpelekea polisi yule bibi wa mbuzi, umeongeza shida nyumbani kwake na mbuzi bado wana njaa. Ukimletea yule wa tatu majani ya bure, umemlipia uzembe wake.

Sheria yenyewe imejengwa juu ya mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyakagua kwa macho: mnyama asikae na njaa na kiu, awe na mahali pa kujihifadhi, asiachwe na maumivu na ugonjwa bila tiba, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, asiishi kwa hofu. Hoja ya "ni mali yangu" haifuti wajibu huo.

HATUA YA 3: ZUNGUMZA NA MWENYEWE, IKIWA NI SALAMA

Ruka hatua hii kama mtu ana fujo, amelewa, au kitendo chenyewe ni cha makusudi. Kwa wengine wote, anza hapa. Nenda asubuhi kabla ya kazi, usiende na kundi la watu, usiende na simu mkononi.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Karibu."
"Mzee wangu, nimemwona punda wako ana kidonda shingoni. Kilianza lini?"

Swali la "kilianza lini" linafanya kazi kubwa. Halimshtaki, na jibu lake linakwambia yuko kundi gani kati ya yale matatu. Akisema "tangu wiki ile, nimemwosha kwa chumvi", hapo kuna mtu wa kusaidiana naye. Akisema "punda si wako", umejua. Mwambie kitu kimoja cha kufanya leo: ampumzishe mpaka kidonda kifunge, au abadilishe mkanda. Kimoja tu.

Usimhoji kijana anayeendesha mkokoteni mbele za watu. Mara nyingi yeye ni kibarua, ana idadi ya safari anayotakiwa kurudi nayo, na akipunguza mzigo anakatwa hela. Muulize kwa upole punda ni wa nani.

Kama mwenyewe hakusikii wewe, huenda atamsikia mwingine. Nimeona imamu akimaliza jambo kwa dakika tano baada ya swala, kwa kumkumbusha mtu habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Mchungaji anaweza vilevile. Mwenyekiti wa kijiwe cha mikokoteni ana nguvu kuliko wote hao, kwa kuwa ndiye anayepanga zamu.

HATUA YA 4: KUSANYA USHAHIDI UNAOSIMAMA

Chukua daftari. Kila ukimwona mnyama, andika tarehe, saa, mahali, na ulichokiona, si ulichokihisi. "Anateswa sana" hakina kazi. "Kidonda ukubwa wa kiganja, kina usaha, amefungwa nira juu yake" kina kazi.

Picha tatu zinatosha: mnyama mzima, kidonda kwa karibu, na mahali alipo kwa namna ambayo mtu mwingine atapatambua. Video ya nusu dakika ya mnyama akichechemea inaeleza kuliko picha ishirini. Piga ukiwa barabarani au mahali pa wazi. Usiingie kwenye ua wa mtu, usiruke ukuta, usimfungue mnyama ukaondoka naye. Ukifanya hivyo mwenye kesi ya kujibu utakuwa wewe. Na usipige sura ya mtoto aliyeshika fimbo.

Kisha usiziweke popote. Si kwenye kundi la mtaa, si kwenye hali yako ya WhatsApp. Zitunze mpaka afisa afike.

Kwa gari la kubeba mifugo utaratibu ni mfupi zaidi. Namba ya usajili, aina na rangi ya gari, mwelekeo, saa, na ulichokiona: ng'ombe aliyeanguka na wenzake wamemkanyaga, mbuzi waliofungwa miguu na kupangwa kama magunia, mkia unaokunjwa ili asimame. Mifugo inayosafirishwa inatakiwa iwe na kibali, na njiani kuna vituo vya ukaguzi, kwa hiyo simu kwa askari wa usalama barabarani wa mbele ina maana kuliko kulifukuza gari. Ukisubiri kesho limeshafika mnadani na ushahidi umeliwa.

HATUA YA 5: RIPOTI KWA MTU WA KARIBU, KWA MAANDISHI

Anza na afisa mifugo wa kata. Ofisi yake huwa kwenye ofisi ya kata, na kama hayupo mtendaji wa kata anajua alipo. Mpe taarifa pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji. Afisa akija bila yeye, mlango huenda usifunguliwe. Huu hapa mfano wa ujumbe, unaweza kuunakili:

"Naripoti punda dume wa rangi ya kijivu anayevuta mkokoteni wa maji. Ana kidonda shingoni nira inapokaa, ukubwa wa kiganja, kinatoa usaha. Nimemwona Jumatatu saa 1 asubuhi, Jumatano saa 11 jioni na Alhamisi saa 1 asubuhi, mara zote akiwa kazini. Jumatano alivuta madumu 14. Hulala nyuma ya tanuri la matofali, mkabala na kisima. Nilizungumza na mwenyewe Jumanne, akasema hana dawa. Picha tatu na video ninazo. Naomba mtaalamu amkague na mwenyewe aelekezwe kumpumzisha. Nitapiga simu Jumatatu ijayo kuuliza."

Tazama mambo mawili. Ujumbe unaomba kitu mahususi, na unataja siku utakayouliza. Taarifa isiyo na siku ya kuulizwa huishia kwenye simu ya mtu.

Jumatatu ikifika, piga kweli. Kama hakuna kilichofanyika, panda ngazi: daktari wa mifugo wa halmashauri, kwa barua fupi yenye nakala kwa mtendaji wa kata. Gongesha muhuri kwenye nakala yako. Sambamba na hapo wajulishe wanaharakati wa wanyama. Dar es Salaam kuna TAWESO, Arusha kuna ASPA, na TSPCA nayo imekuwa kwenye kazi hii kwa miaka mingi. Wao hawana mamlaka ya polisi, lakini wana madaktari, wana uzoefu, na wanajua nani wa kumpigia wizarani.

Polisi ni kwa kitendo cha makusudi: kuua, kukata, kuchoma, kutega sumu. Hapa kuna ujanja wa kukusaidia. Si kila askari wa kaunta ameshawahi kuisoma Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na usimlaumu sana. Ila Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anaijua, na humo kumuua au kumjeruhi mnyama wa mtu mwingine kwa makusudi ni kosa la jinai. Kama mbwa aliyewekewa sumu ni wako, eleza hivyo: nimeuliwa mnyama wangu. Taja sheria zote mbili, omba namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na usiondoke bila hiyo namba. Kwa dharura piga 112.

Wanyamapori wana mlango wao. Tumbili aliyefungwa kamba kwenye baa, kakakuona ndani ya gunia, bundi anayepigwa mawe kwa sababu ametua juu ya paa na watu wanasema ameleta msiba: hao wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na wa kuambiwa ni TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, au afisa wanyamapori wa wilaya. Usijaribu kumnunua tumbili ili umwokoe. Muuzaji ataleta mwingine wiki ijayo.

HATUA YA 6: UKIKUTA MNYAMA KATIKA HALI MBAYA SASA HIVI

Mbwa aliyegongwa au kupigwa atamng'ata hata anayempenda. Usimshike kwa mikono mitupu. Mtupie khanga nene au gunia kichwani, na kama hujui unachofanya, simama kando uzuie watoto na pikipiki mpaka mtaalamu afike.

Mbwa anayeyumba, anayetokwa na mate, anayeng'ata hovyo au ambaye sauti yake imebadilika anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, hata kama wewe ulidhani amepigwa tu. Ukiumwa au kuparuzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Kwa sumu: mnyama anayepigwa na degedege usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, hata jirani akisisitiza. Yataingia kwenye mapafu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na matapishi au kipande cha chambo ndani ya mfuko uliofungwa, ukiwa umevaa mfuko mwingine mkononi. Chambo hicho kinamsaidia daktari kutibu, na ni ushahidi pia. Wahadharishe wenye kuku na wenye watoto wadogo, maana sumu haichagui.

HATUA YA 7: BAADA YA KURIPOTI

Usitarajie pingu. Mara nyingi afisa atamkagua mnyama, atamtibu au kuandika dawa, atampa mwenyewe maelekezo na tarehe ya kurudi. Kwangu mimi hayo ni mafanikio. Kesi ikienda mahakamani utaitwa shahidi, na hapo lile daftari ndilo litakalokuokoa, kwa sababu baada ya miezi minane hakuna anayekumbuka kama ilikuwa Jumanne au Jumatano.

Kama unaogopa majirani, mwambie afisa mapema kwamba hutaki kutajwa, na mpe picha zisizoonyesha zimepigwa kutoka wapi. Mimi ukuta ulinigharimu salamu za nyumba tatu kwa karibu mwaka mzima.

Baada ya wiki mbili pita tena kwa njia zako. Kidonda kinachopona hukauka na kusinyaa kutoka ukingoni, usaha hukatika, na punda huanza tena kufukuza inzi kwa masikio. Baadaye hubaki baka jeupe. Ukikuta ukingo bado ni mwekundu na nira iko pale pale, fungua daftari, andika tarehe na saa, umpigie afisa yule yule.